Uvungu wa nyumba ya sakafu ya mbao Kilimani una unyevu: nizibe matundu yote ya hewa au nianzie wapi?

mkazi_kilimani

Habari zenu wote. Naomba ushauri wa wanaoelewa sakafu za mbao zilizoinuliwa, si za zege.

Nyumba iko Kilimani, kuta za mawe, ya enzi za ukoloni. Mbao za sakafu ziko juu ya boriti, na boriti zimelala juu ya nguzo fupi 20 za mawe. Eneo ni mita 10 kwa 12. Uvungu una kimo cha sentimita 70 upande wa chini wa kiwanja na 45 upande wa juu. Chini ni udongo mwekundu mtupu. Msingi una matundu ya hewa 14, ila mengine yamefunikwa na kabro zilizowekwa miaka ya baadaye.

Tangu mvua za Aprili vyumba viwili vinanuka uvundo, viatu vinaota kuvu kabatini, na mbao za sebuleni zimepinda: kingo juu, katikati chini. Kampuni moja imependekeza kutandika polithini nzito uvungu mzima, kuziba matundu yote, na kuweka mashine ya kukausha hewa ifanye kazi usiku na mchana. Je, hiyo ndiyo dawa kwa Nairobi? Nikifanya na fundi wangu, nahitaji vifaa gani na kiasi gani?

fundi_sakafu

Ndugu, anza na maji ya mvua, kisha udongo, na suala la matundu lije mwisho. Mpangilio huo ukigeuzwa, unafungia maji ndani ya uvungu, halafu unalipia umeme wa kuyatoa kila mwezi.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata polithini ya mita moja kwa moja, itandike juu ya udongo katikati ya uvungu, bandika kingo zote kwa tepu au zizike kwa mchanga, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu, ni hewa inayotoa umande. Fanya hivyo sehemu tatu: karibu na bafu, katikati, na upande wa juu wa kiwanja. Tafuta pia mita ya unyevu ya sindano mbili, upime boriti zenyewe. Chini ya asilimia 20 mbao ni salama. Zikikaa juu ya 25 kwa wiki nyingi, kuvu wa kuozesha mbao anapata makao.

Sasa paa. Nyumba ya mita 10 kwa 12, ukihesabu na upenu wa sentimita 60 kila upande, ina paa la karibu mita za mraba 148. Mvua ya milimita 40 jioni moja ni takriban lita 5,900. Tangi la lita 5,000, hata likiwa tupu, litafurika. Swali la kujiuliza ni hili: bomba la kumwaga maji yaliyozidi linaelekea wapi? Kwenye nyumba nyingi linamwaga hapo hapo chini ya ukuta, na maji yanapita chini ya msingi hadi uvunguni. Liongeze lifike mita 3 kutoka ukutani, limwage kwenye mtaro. Gata nazo zisafishwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, hasa kama kuna mijakaranda jirani, kwa kuwa majani yake madogo huziba mdomo wa bomba la kuteremshia maji.

Kisha mteremko wa nje. Mita 3 za kwanza kutoka ukutani ziteremke jumla ya sentimita 15. Kwa kabro zako hapa ndipo penye kazi kubwa: kabro zinazoelekea ukutani lazima zing'olewe na kuwekwa upya, na juu ya kabro kuwe chini ya tundu la hewa kwa sentimita 15 angalau. Bustani ya maua iliyojazwa udongo hadi kufunika msingi ina tatizo lile lile.

Upande wa juu wa kiwanja, kama maji ya ardhini yanasukuma, chimba mtaro wa kokoto: upana sentimita 30, kina 60, umbali wa mita moja na nusu kutoka ukutani. Tandika kitambaa cha kuchujia, weka bomba la milimita 110 lenye matundu (matundu yaangalie chini), mteremko sentimita 1 kila mita, jaza kokoto za robo tatu inchi, kunja kitambaa juu. Kwa mtaro wa mita 14 utatumia kokoto kama mita za ujazo 2.5, yaani karibu tani 4. Usichimbe chini zaidi ya kitako cha msingi. Na kama nyumba ingekuwa kwenye udongo mweusi, ule wa Embakasi au South C, ningesema uite mhandisi kabla ya kugusa chochote karibu na msingi, kwa sababu udongo ule hujaa ukilowa na kunywea ukikauka, na ukuta huufuata.

Baada ya hayo ndipo polithini. Nitaandika hesabu yake hapo chini.

fundi_sakafu

Polithini. Chukua geji 1000, yaani mikroni 250. Geji 500 itatoboka fundi akitambaa juu yake mara ya kwanza. Usiamini maandishi ya roli, peleka kwenye mizani. Roli ya mita 3 kwa 30 ya geji 1000 halisi ina uzito wa karibu kilo 20.7. Ikiwa kilo 14, umeuziwa kitu cha geji 680 hivi. Hakikisha pia upana ni mita 3 ikiwa imekunjuliwa, na uinuse: plastiki iliyorejelewa ovyo huwa na harufu kali na vitundu vidogo unavyoviona ukiielekeza kwenye jua.

Hesabu kwa nyumba yako: vipande vitano vikipita upande wa mita 10. Kila kipande ni mita 11, nusu mita ya ziada kila ncha ya kupandisha ukutani, inayozidi unaipunguza. Vikipandana sentimita 30, vitano vinafunika mita 13.8, na wewe unahitaji 13. Roli moja inatoa vipande viwili na mabaki ya mita 8. Roli mbili zinatoa vinne, na cha tano unakiunga kutoka kwenye mabaki: mita 8 na mita 3.3. Unabaki na mita 4.7 za kufungia miguu ya nguzo. Kwa hiyo roli mbili zinatosha, lakini fundi asikate kabla ya kupima.

Kabla ya kutandika, toa kila kitu uvunguni: vipande vya mbao, mizizi, maboksi, mawe yenye ncha. Mbao zilizoachwa chini na wajenzi ndizo chakula cha kwanza cha mchwa. Sawazisha udongo uteremke kuelekea kona ya chini kabisa. Anza kutandika upande wa chini na umalizie juu, ili kipande cha juu kilalie cha chini kama mabati ya paa. Bomba likivuja siku moja, maji yatateleza juu ya polithini hadi kona ile bila kuingia kwenye maungio.

Nguzo ndizo zinazowashinda wengi. Usikate tundu la duara na kulisukuma. Pasua polithini kutoka ukingoni hadi kwenye nguzo, izungushe, kisha visha nguzo kola ya kipande kingine kinachopanda sentimita 15 na kulala sentimita 20 sakafuni. Tepu ya kahawia ya maboksi haifai, huachia baada ya msimu mmoja. Tumia tepu nzito ya lami au ya mpira wa butili, na ufute vumbi jekundu kwa kitambaa kikavu kwanza. Vumbi hilo ndilo linaloharibu kazi Nairobi, tepu inakamata vumbi badala ya plastiki. Maungio, kola na ukingo wa ukutani kwa pamoja ni kama mita 120 za tepu.

Ukutani tepu peke yake haishiki kwenye jiwe. Sugua jiwe kwa brashi ya waya, paka silikoni mstari mmoja, bana polithini kwa ubao wa saipresi uliotibiwa wa inchi 1 kwa 2, plagi na skrubu kila sentimita 30. Mzunguko ni mita 44, kwa hiyo skrubu 150 hivi. Polithini isipande hadi kwenye mbao. Acha sentimita 10 za jiwe wazi chini ya boriti, na isifunike tundu la hewa lolote.

hesabu_za_hewa

Nakubaliana na mpangilio huo. Naongeza sababu kwa nini mashine ya kukausha hewa si jambo la kuanzia hapa.

Mfumo wa kuziba uvungu kabisa umeenea sana kusini-mashariki mwa Marekani, mfano North Carolina. Huko wakati wa kiangazi hewa ya nje inabeba mvuke mwingi, huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 21 au zaidi, na nyumba ya juu inapozwa kwa kiyoyozi. Hewa hiyo ikiingia kwenye uvungu baridi inalowesha mbao. Huko kufungua matundu ni kuleta maji.

Nairobi hali ni nyingine. Wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 19, na udongo chini ya nyumba hukaa karibu na hapo. Chukua asubuhi ya Julai: nje nyuzi 12, unyevu asilimia 90. Hewa hiyo ikiingia uvunguni na kupata joto la nyuzi 18, unyevu wake unashuka hadi asilimia 61. Inakausha. Chukua mchana wa Aprili: nje nyuzi 25, asilimia 60. Ikipoa hadi 20 inafika asilimia 81, si nzuri, lakini umande ungehitaji ishuke hadi karibu nyuzi 17. Asilimia 80 ikidumu huipa mbao unyevu wa kama 16, bado chini ya 20. Kwa hiyo hewa yetu si adui mkubwa. Adui ni udongo. Udongo mbichi ulio wazi unaweza kutoa mvuke wa hadi nusu lita kwa mita ya mraba kwa siku, na kwa mita 120 ni lita 60 zinazopanda kwenye mbao zako.

Mombasa ingekuwa hesabu nyingine, hasa chini ya chumba chenye kiyoyozi.

Sasa matundu. Kanuni ya Uingereza inataka milimita za mraba 1,500 za uwazi kwa kila mita ya ukuta wa nje, au 500 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, lolote lililo kubwa. Kwako: mita 44 mara 1,500 ni 66,000. Eneo ni 120 mara 500, yaani 60,000. Chukua 66,000. Ukipima usihesabu tofali zima, hesabu uwazi tu. Tundu la mviringo la milimita 10 lina 78.5. Tofali lenye matundu 40 ya namna hiyo linatoa 3,140, kwa hiyo unahitaji 22, na wewe una 14 huku mengine yakiwa yamezibwa.

Yawekwe pande zinazotazamana ili upepo upite, na pawe na moja karibu na kila kona, kwa kuwa kona ndizo hewa hulala. Kama kuna kuta za ndani za msingi zinazogawa uvungu, nazo zitobolewe. Weka wavu wa chuma wa milimita 5 kuzuia panya. Wavu wa mbu usitumie, hujaa vumbi na utando wa buibui ndani ya miezi michache, na tundu linabaki la sura tu.

mlinda_mbao

Kabla mtu yeyote hajaziba matundu, tuulizane mtungi wa gesi uko wapi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja jikoni inashuka kwenye nyufa za mbao na kukusanyika uvunguni. Matundu yakiwa wazi inatawanyika. Yakizibwa inakaa, na kiasi cha kama asilimia 2 tu hewani kinatosha kulipuka kwa cheche ya swichi au ya hiyo mashine waliyokupendekezea. Mtungi, uwe wa kilo 6 au 13, utoke nje ya nyumba, kwenye kizimba chenye hewa, mpira ubadilishwe na maungio yapimwe kwa povu la sabuni. Hilo fanya hata usipoziba chochote. Na fundi akiingia uvunguni, zima umeme kwenye swichi kuu na atumie tochi ya betri. Nyaya za zamani zilizopita chini ya sakafu mara nyingi ngozi yake imekauka.

Pili, mchwa. Hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo juu ya nguzo na kuta. Zile sentimita 10 za jiwe wazi alizozitaja fundi_sakafu ndizo dirisha lako la kuwaona. Mtu akikwambia ni vizuri kupandisha polithini hadi kwenye ubao ili "isivuje", mkatalie. Mchwa watapita nyuma yake na hutajua hadi kiti kizame sakafuni. Dawa ya udongo ipigwe kabla ya polithini, na mwenye leseni, ikauke kabisa ndipo utandike. Halafu angalia kila baada ya miezi mitatu.

Kuvu kwenye boriti: brashi, maji yenye sabuni kidogo, barakoa ya N95. Klorini haizami ndani ya mbao, inang'arisha uso tu na kuongeza maji. Choma bisibisi kwenye boriti kila nusu mita. Ikizama sentimita moja bila nguvu, hapo mbao zimeoza na lazima kipande kibadilishwe.

mkazi_kilimani

Nashukuru sana. Nimefanya majaribio. Matone yako chini ya polithini sehemu zote tatu, na juu pakavu. Boriti nyingi zinasoma 18 hadi 20, lakini zilizo chini ya bafu zinasoma 27. Bomba la tangi linamwaga kweli chini ya ukuta. Matundu yaliyozibwa na kabro ni 5. Mtungi uko jikoni, utatolewa wiki hii.

Maswali mawili: hiyo 27 ni ya udongo au ya bafu? Na mbao za sebuleni nipige msasa lini?

fundi_sakafu

Tofauti ya 7 hadi 9 sehemu moja tu si ya udongo, ni bafu. Gawanya mambo mawili. Bomba la maji safi: funga bomba zote usiku, weka alama kwenye kiwango cha tangi, usijaze, angalia asubuhi. Kikishuka, kuna uvujaji upande huo. Bomba la maji machafu: ziba tundu la bafu, jaza sentimita 5, weka alama kwa penseli, subiri kwa muda wa saa nne. Maji yakipungua, sakafu ya bafu yenyewe inavuja, mara nyingi kwenye kiungo cha tundu au pembeni ambapo simiti ya vigae imepasuka. Yasipopungua, zibua yaondoke kwa mkupuo mmoja huku mtu akiwa uvunguni na tochi. Kiungo cha bomba kikivuja kitaonekana hapo. Usitandike polithini upande huo hadi boriti zishuke chini ya 20.

sakafu_na_msasa

Msasa usiuguse sasa. Mbao zimepinda kwa sababu upande wa chini umevimba kwa mvuke na wa juu umezuiwa na vanishi. Ukizikwangua zikiwa hivi, unakata kingo zilizoinuka. Uvungu ukikauka, upande wa chini unanywea, na utabaki na mbao zenye mgongo katikati ambazo hazirudi tena. Pima unyevu juu na chini ya ubao ule ule kila mwezi. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 2 na namba haibadiliki kwa vipimo viwili mfululizo, piga msasa. Nyingi zitakuwa zimejinyoosha zenyewe, na kazi itakuwa ndogo kuliko unavyoiona leo. Zulia la sebuleni litoe muda huo wote.

hesabu_za_hewa

Kwa majibu hayo matundu yaache wazi. Fungua yale 5, ongeza 8, tandika polithini, weka haigromita (kipima unyevu wa hewa) mbili uvunguni, moja upande wa bafu na moja sebuleni. Soma saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, mara mbili kwa wiki, kupitia mvua za Oktoba hadi Desemba.

Ikiwa baada ya mvua hizo wastani bado uko juu ya asilimia 80, na maji ya nje na bafu vimeshughulikiwa, ndipo tuzungumze kuziba. Hata hapo feni ndogo ya kutolea hewa inatangulia mashine. Kanuni ya Marekani kwa uvungu uliozibwa ni futi moja ya ujazo kwa dakika kwa kila futi 50 za mraba. Kwako ni kama futi 26, yaani lita 12 kwa sekunde, feni ya bafu ya kawaida inaweza. Inavuta hewa ya ndani ya nyumba kupitia tundu la sakafuni na kuitupa nje. Sharti ni kwamba ndani ya nyumba hiyo pasiwashwe jiko la makaa hata siku moja, maana feni inaweza kuuvuta moshi wake kupitia vyumba vingine badala ya kuuacha utoke dirishani.